Uzi wa sentimita 35: kwa nini taa ya bluu inawaka na mtoto bado ni wa njano

FundiBisibisi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nazunguka na kisanduku cha bisibisi, wodi hadi wodi, hospitali hadi hospitali. Majuzi nikaitwa kwenye wodi moja ya watoto wachanga. Sitaitaja, na isitoshe niliyoyakuta pale nimeyakuta kwingi. Nesi wa zamu akaniambia, "Fundi, taa zote zinawaka, ila watoto hawashuki." Alikuwa anasema kwamba manjano hayashuki. Watoto wako chini ya taa siku ya tatu, damu ikipimwa namba ni ileile au imepanda.

Nikaingia. Taa mbili za tyubu, zinawaka bluu hadi ukutani. Picha yake ungeweka kwenye kalenda. Nikatoa kipima mwanga, nikakilaza pale tumbo la mtoto linapokaa. Kikasoma 5.

Kwa asiyejua: tunapima mikrowati ngapi za mwanga wa bluu zinaangukia sentimita moja ya mraba ya ngozi, kwa kila nanomita (kipimo kinachotofautisha rangi za mwanga). Taa ya kawaida inatakiwa ifike 8 hadi 10. Mtoto ambaye manjano yake yamepanda sana anahitaji 30 kwenda juu. Tano ni taa ya baa.

Nilichokuta ni hivi. Kioo cha plastiki chini ya tyubu kilikuwa na vumbi ambalo ungeweza kuandika jina lako. Tyubu zenyewe zilikuwa zimechoka. Tyubu haifi ghafla kama glopu. Inapungua kimyakimya, jicho linaendelea kuona bluu ileile wakati nguvu imeshaondoka. Nyingi zinatakiwa kubadilishwa zikifikisha saa 2000 hivi, na taa inayowaka usiku na mchana inamaliza saa hizo kabla ya miezi mitatu. Pale hakuna aliyekuwa anaandika saa. Halafu tyubu mbili kati ya sita zilikuwa zile nyeupe za dukani, za sebuleni, mtu alichomeka kuziba pengo. Simlaumu, hakupewa nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni urefu. Taa ilikuwa imepandishwa juu kabisa, karibu mita moja kutoka kwa mtoto, kwa sababu manesi walichoka kujigonga vichwa. Mwanga ukisogezwa mbali unapungua kwa kasi kuliko unavyodhani.

Nikafuta vumbi, nikashusha taa, nikazungushia shuka jeupe pembeni mwa kitanda ili mwanga unaotoroka urudi kwa mtoto (pembeni tu, matundu ya hewa ya taa usiyazibe). Ile 5 ikawa 13. Tyubu mpya zilipokuja wiki iliyofuata tukavuka 20. Mashine hatukununua.

Mwisho nikakata uzi wa sentimita 35, nikaufunga kwenye fremu ya taa. Ncha ikimgusa mtoto, umbali uko sawa. Isipomgusa, shusha taa. Ukimaliza kupima unauzungusha juu usibaki unaning'inia. Kila taa ina kijitabu chake na umbali wake, msome. Zile za halojeni msizisogeze hivyo, zinaunguza.

Nimeleta uzi huu (na ule mwingine) tujadili. Mwenye uzoefu wa wodini, mzazi aliyepitia, daktari, karibuni.


BabuKijiwe

Mkuu, mimi nilidhani homa ya manjano ina chanjo? Si ndiyo ile ya kadi ya njano ukivuka mpaka? Kwa nini watoto wasichanjwe badala ya kuwaanika kwenye taa kama vifaranga?


FundiBisibisi

Babu, lugha yetu imetuponza hapo. Homa ya manjano ni virusi vinavyoletwa na mbu, na ndiyo yenye chanjo. Manjano ya kichanga hayana mbu wala virusi, na hayaambukizi.

Ni hivi: chembe nyekundu za damu zikizeeka zinavunjwa, na taka yake ya njano inaitwa bilirubini. Ini la mtu mzima linaikamata, linaitupa kwenye nyongo, inaisha. Ini la kichanga bado linajifunza kazi, na chembe zake nyekundu zinakufa mapema kuliko zetu. Taka inarundikana, ngozi na macho yanabadilika rangi. Katika wiki ya kwanza, watoto sita katika kumi waliotimiza miezi wanapata manjano, na kwa njiti ni wanane katika kumi. Wengi inapita yenyewe. Kwa wachache inapanda hadi inavuka na kuingia kwenye ubongo. Ikifika huko, mtoto anaweza kufa, au anabaki na mtindio wa ubongo na uziwi, na hakuna taa itakayomrudisha.

Mwanga wa bluu, hasa nanomita 460 hadi 490, ukipenya ngozi unaikuta bilirubini na kuibadilisha umbo. Umbo jipya linakubali maji, kwa hiyo linatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Ndiyo maana nasema mwanga ni dawa na una dozi. Ukimpa mtoto robo ya dozi ya antibiotiki, utashangaa asipopona?

Ila hiyo ya vifaranga nimecheka, kwa sababu nimewahi kukuta taa ya vifaranga imefungwa wodini. Joto tupu, bluu hakuna.


MamaWawili

Asante kwa uzi. Mimi wa kwanza aliwekwa kwenye taa siku nne. Wa pili akapata kidogo, kwenye kliniki nikaambiwa nimwanike jua la asubuhi tu. Mama mkwe naye akaleta glukosi nimkorogee. Mtoto alipona. Sasa swali: jua si mwanga? Kama jua la bure linatosha, haya mataa ya mamilioni ya nini?


NesiWaUsiku

Fundi, umeandika kama ulikuwa wodini kwetu. Ngoja niongezee vitu ambavyo kipima mwanga hakioni.

La kwanza ni idadi. Taa moja, watoto watatu. Unamlaza mmoja katikati, wengine wawili wanapata mwanga wa pembeni. Kwenye faili wote watatu imeandikwa "yuko kwenye tiba ya mwanga". Kiukweli mmoja anatibiwa na wawili wanamsindikiza.

La pili ni kanga. Mama anamwona mwanawe uchi, kafungwa macho, kalazwa kwenye mwanga wa ajabu, anatetemeka kidogo. Nikigeuka tu, kanga. Nikiitoa, soksi. Nikitoa soksi, kofia. Anafanya kwa mapenzi, huwezi kumgombeza. Sasa hivi ninaanza kwa kuwaeleza: ngozi ndiyo mdomo wa dawa hii, ukiifunika umemziba mdomo. Mtoto abaki na nepi ndogo na kitambaa cha macho, basi. Wakielewa wanakuwa walinzi wakali kuliko mimi.

La tatu tunaogopa kulisema: hiyo bluu inatuumiza sisi. Zamu ya saa kumi na mbili chini ya taa kali za bluu, kichwa kinauma, wengine wanapata kichefuchefu. Na mtoto akibadilika kuwa wa bluu kwa kukosa hewa huwezi kumwona, kwa sababu wote ni wa bluu. Kwa hiyo nikitaka kumwangalia vizuri nazima taa kwanza. Taa ikipandishwa juu, mara nyingine si uzembe, ni mtu anataka kuona anachokifanya.

Na glukosi, mama, usimpe. Inamjaza tumbo asinyonye. Maziwa ndiyo yanayomfanya akunye, na kwenye kinyesi ndiko taka inakotokea. Kila saa mbili hadi tatu anyonyeshwe, hata kama yuko kwenye taa. Mtoe, mnyonyeshe, mrudishe.


FundiBisibisi

Nesi, hilo la kichwa kuuma limenifunga mdomo. Nilikuwa nalaumu waliopandisha taa. Zipo wodi zinazochanganya tyubu za bluu na chache nyeupe ili watu waweze kufanya kazi, au wanatundika kitambaa upande wa meza ya nesi. Nitaijaribu hiyo ya kitambaa.

Kuhusu idadi na kanga, kuna watu waliojiuliza maswali hayohayo wakatengeneza kifaa. Shirika la Design that Matters la Marekani lilishirikiana na kampuni ya MTTS ya Vietnam, wakatoa taa inayoitwa Firefly. Kitanda chake ni kidogo, kimepimwa kwa mtoto mmoja. Wa pili haingii hata ukimsukuma. Ina vitaa vidogo vya LED juu na chini, mtoto yuko katikati kama andazi kwenye karatasi mbili. Ukimfunika kanga juu, bado mgongo unapata mwanga. Umbali umefungwa kiwandani, hakuna wa kupandisha. Mimi kama fundi nikikiangalia kifaa hicho naona hasira ya mtu aliyekaa wodini akatazama kila kosa, kisha akalizibia njia.

Halafu niwape historia, maana wengi wanadhani ugunduzi huu ulitoka maabara. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza. Sista Ward ndiye aliyesimamia wodi ya njiti, na siku za jua alipenda kuwatoa watoto nje kwenye ua. Siku moja wakati madaktari wanapita, akamfunua mtoto mmoja. Mwili umepauka vizuri, isipokuwa pembetatu moja ambayo ilikuwa njano kali. Daktari akadhani nesi amempaka iodini. Kumbe pembetatu ile ndiyo sehemu iliyofunikwa na kona ya shuka. Kwingine kote jua lilikuwa limeondoa njano.

Kipindi hichohicho chupa ya damu ya mtoto ikasahauliwa dirishani juani, na ilipopimwa bilirubini ilikuwa imeshuka sana. Wakaunganisha mambo mawili. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza fremu ya tyubu nane za bluu, na mwaka 1958 wakaandika matokeo kwenye jarida la Lancet. Marekani walichelewa kuamini. Ni mwaka 1968, baada ya Jerold Lucey na wenzake kule Vermont kufanya utafiti kwa njiti, ndipo taa zilipoanza kusambaa huko.

Sasa tazameni: kona ya shuka ndiyo iliyotufundisha tiba hii mwaka 1956, na leo kanga ndiyo inayotukwamisha. Kitu kilekile.


MtuWaUshahidi

Mleta uzi umekwepa swali la MamaWawili. Jua linatibu au halitibu? Umesema mwenyewe yote yalianza na jua. Mkituambia jua halifai tutawaonaje?


FundiBisibisi

Sijakwepa mkuu, umeme ulikatika. (Ndiyo, kichekesho chenyewe.)

Jua lina bluu nyingi sana, kuliko taa zetu nyingi. Tatizo ni vinavyokuja pamoja nayo: miale ya urujuanimno inayounguza ngozi laini, na joto. Ukimwacha mtoto apate dozi ya kutosha, ataungua au atapata joto kali. Ukimtoa dakika kumi za asubuhi, amevalishwa, uso tu uko nje, hajaungua ila dozi hajapata. Mwanao wa pili, MamaWawili, inawezekana kabisa angepona hata ungekaa naye ndani, kwa sababu manjano kidogo yanaisha yenyewe. Ubaya wa ushauri wa jua ni kwamba unampa mzazi kitu cha kufanya wakati siku zinakwenda.

Lakini kuna jua la kuchujwa, na hapo Wanigeria wametufundisha. Lagos, walijenga mahema na kuyafunika kwa ile tinti ya vioo inayouzwa madukani. Tinti inazuia karibu urujuanimno wote na sehemu kubwa ya joto, inaacha bluu ipite. Walikuwa na aina moja ya siku za jua kali na nyingine ya mawingu. Watoto 447 wakagawanywa, wengine chini ya hema, wengine chini ya taa za kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine: hema lilifanya kazi katika asilimia 93 ya siku za matibabu, taa asilimia 90. Hakuna mtoto aliyelazimika kubadilishwa damu (kutolewa yake na kuwekewa nyingine). Wastani wa mwanga chini ya hema ulikuwa 40, chini ya taa 17.

Someni masharti yake pia. Mama au nesi yuko pale muda wote, joto la mtoto linapimwa kila mara, na akizidi anapozwa au anapelekwa kivulini. Usiku hema ni hema tu. Kwa hiyo msije mkabandika tinti yoyote dirishani mkasema fundi kasema.


DaktariWaMkoani

Nimesoma kimya, ngoja nichangie upande ambao taa haiufikii.

Taa bora kuliko zote haimsaidii mtoto aliyechelewa. Wanaoharibika ubongo wengi ninaowaona hawakuharibikia wodini, waliharibikia nyumbani. Mama anajifungua leo, kesho karuhusiwa. Manjano kwa kawaida yanafika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, wakati ambao mtoto yuko nyumbani amefunikwa, chumba kina giza, wageni wanamsifia weupe.

Na kwa ngozi zetu njano haionekani kirahisi. Mpeleke penye mwanga wa mchana, mtazame weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Bonyeza ngozi ya kifua au pua kwa kidole, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Ikifika viganjani na kwenye nyayo, usisubiri kesho.

Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida kamwe. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na damu inayogombana na ya mama, mama wa kundi O na mtoto wa A au B, au mama wa Rh hasi, au ana maambukizi. Mtoto anayelegea, asiyenyonya, anayelia kilio chembamba cha juu au kupinda mgongo kwa nyuma ni dharura, huyo tunamwazia kubadilishwa damu na taa inawashwa wakati damu inatafutwa.

Upande wa pili, manjano yanayozidi wiki mbili na kinyesi kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi: hayo ni ya njia ya nyongo, taa haiyatibu, na huenda akahitaji upasuaji. Huyo asikawizwe kwenye taa.

Sasa kwenye "kuboresha tiba", fundi amesema pima mwanga. Mimi nasema pima na damu. Hospitali nyingi za wilaya zina taa lakini hazina namna ya kupima bilirubini usiku. Unamweka mtoto kwa macho, unamtoa kwa macho. Na akiwa kwenye taa ngozi inapauka kabla ya damu, macho yanakudanganya zaidi. Ndiyo maana ule mradi wa NEST360 wa huduma za watoto wachanga, ulioanza mwaka 2019 Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, haukuleta taa peke yake. Kwenye seti yao kuna taa, kipima mwanga na kipima bilirubini. Hapa kwetu Tanzania wamo Taasisi ya Afya Ifakara, chuo kikuu cha afya cha MUHAS na taasisi ya teknolojia ya DIT. Hiyo akili ya kuleta vitatu pamoja ndiyo ninayoipenda.


MpembaAsili

Assalaam alaykum wanauzi.

Daktari kanigusa. Sisi watu wa pwani tuna lile tatizo la damu la G6PD, sijui kwa Kiswahili mnaliitaje. Kijana wa dada yangu alibadilishwa damu mara mbili. Tukaulizwa pale hospitali, nguo za mtoto mmezihifadhi na nini? Zilikuwa ndani ya sanduku la bibi yake, na zile duara nyeupe za naftalini miaka yote. Mtoto kavalishwa siku ya arobaini? La, siku ya pili tu. Siku ya tatu njano hadi nyayo.


DaktariWaMkoani

Waalaykum salaam. Ni upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Uko zaidi maeneo yaliyokaa na malaria kwa vizazi vingi, na wavulana wanaathirika zaidi kwa sababu jini yake iko kwenye kromosomu ya X. Harufu ya naftalini inapita kwenye ngozi na mapafu, chembe zinapasuka kwa mkupuo, bilirubini inapanda kwa saa, si kwa siku. Nguo za mtoto zifuliwe, zikaushwe juani, na zisilale na naftalini. Hili lingeokoa ubongo wa watoto wengi kuliko taa kumi, na halina gharama.


KijanaWaSaketi

Wakubwa, mimi niko mwaka wa tatu chuo cha ufundi. LED za bluu za mkanda zinauzwa Kariakoo bei ya chakula. Nikitengeneza boksi nikaweka mikanda kumi, si nimemaliza tatizo? Nataka kuifanya projekti.


FundiBisibisi

Hongera kwa moyo. LED ndiyo njia sahihi: inakula umeme kidogo, haichemshi mtoto, na inadumu maelfu kwa maelfu ya saa ambapo tyubu inakufa kwa 2000. Ila mikanda ya mapambo "bluu" haimaanishi bluu yetu. Kwa macho huwezi kujua kama ni nanomita 440 au 470, bilirubini inatofautisha. Nunua LED zenye karatasi ya vipimo, si zile za kukatiwa kwa mita.

Kisha utakutana na mambo yasiyoonekana kwenye saketi. Mwanga usambae sawasawa, si katikati 40 na miguuni 6. Umeme usimfikie mtoto hata mkojo ukimwagika. Kioo kisafishike kwa dawa bila kufubaa. Sehemu za vipuri zipatikane hapahapa miaka mitano ijayo. Na huwezi kumweka mtoto wa mtu chini yake bila vibali na bila watu wa maadili ya utafiti kuikagua.

Nikushauri kitu kingine, usikasirike. Taa zipo. Kisichokuwepo ni kipima mwanga. Vya kununua ni ghali, hospitali nzima ina kimoja au haina. Ukitengeneza kipima mwanga rahisi chenye taa tatu, nyekundu, njano, kijani, kinachomwambia nesi "shusha" au "badilisha tyubu", utakuwa umenisaidia mimi kuliko boksi lako. Hakimgusi mtoto, kwa hiyo hata vibali vyake ni vyepesi.


KijanaWaSaketi

Dah. Sikuwaza hivyo. Nikuombe inbox?


FundiBisibisi

Karibu.


BabaTrela

Mimi niseme la uchungu. Mtoto wangu alikaa kwenye taa siku mbili hospitali moja, umeme unakatika kila jioni, jenereta ni ya chumba cha upasuaji tu. Pembeni kuna taa nyingine mpya, ya msaada, imefunikwa nailoni. Nikauliza, nikaambiwa adapta yake iliungua mwaka juzi, haipatikani nchini. Mashine nzima imelala kwa kitu cha ukubwa wa kiganja. Mtoto wangu leo ana miaka minne na hasikii vizuri sikio zote mbili. Hakuna aliyewahi kuniambia ni taa, ni umeme, au ni mimi niliyechelewa kumleta. Nasoma uzi huu naona vyote vitatu.


NesiWaUsiku

BabaTrela, pole sana. Sina la kuongeza.


FundiBisibisi

Pole kaka. Hizo za nailoni ninazijua, karibu kila stoo ninayofungua ipo moja. Sikio lipimwe kwa wataalamu kama bado; manjano yanaumiza mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo, na kuna watoto wanaosaidika wakianzishiwa mapema mafunzo ya kusikia na lugha.


ShangaziMtu

Samahanini kuingilia. Mdogo wangu amejifungua siku nne zilizopita, mtoto macho ni manjano kama ndizi, na leo hata nyayo nimeona. Nimembonyeza kama daktari alivyosema, njano. Ananyonya lakini analala sana, mpaka tumwamshe. Mama anasema tumwanike asubuhi. Tusubiri asubuhi?


DaktariWaMkoani

Msisubiri. Nendeni sasa hivi, hospitali inayolaza watoto wachanga, si zahanati. Njiani anyonyeshwe. Mkifika semeni siku ya nne, njano hadi nyayo, analala sana. Taja kundi la damu la mama kama mnalijua.


MamaWawili

Nenda dada. Acha jua.


ShangaziMtu

Tumefika. Tuko foleni.


ShangaziMtu

Wamempima, bilirubini ni 19. Mama ni O, mtoto ni A. Amewekwa kwenye taa, yuko peke yake kitandani, macho amefungwa. Daktari wa hapa anasema wanarudia kipimo baada ya saa chache, ikipanda wataongea habari ya damu. Mdogo wangu analia, nimemnyang'anya kanga mara mbili.


NesiWaUsiku

Umefanya vizuri. Kila saa mbili au tatu anyonye. Taa iko juu kiasi gani?


ShangaziMtu

Sijui, naona juu juu.


FundiBisibisi

Ni ya tyubu au LED?


ShangaziMtu

Tyubu. Nimehesabu nne.

Nimechomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikapima kwa rula ya mtoto wangu iliyokuwa kwenye mkoba. Kutoka kwenye taa hadi tumboni imefika sabini na kitu. Nimemwonyesha nesi uzi wenyewe nikaogopa atanifokea. Ameniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia mtandaoni. Amecheka, akaangalia kijitabu kilichoning'inia kwenye stendi ya taa, akamwita mwenzake, wakaishusha.